Sikukuu, uzito na sanamaki: maswali ninayoulizwa kliniki

Kila baada ya Idi, na tena kila Januari, benchi letu la kungojea hapa Mombasa hujaa wagonjwa wa namna moja: midomo imekauka, kichwa kinazunguka, tumbo limeendesha siku tatu. Hawakula kitu kilichooza. Wamekunywa sanamaki, majani ya kuendesha choo, "kutoa pilau".

Kwa nini tunanenepa sikukuu?

Chakula kinachoingia kimezidi kazi ya mwili, na ziada huwekwa kuwa mafuta. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya mafuta ina 9, ndiyo maana biriani ya samli na sambusa hazina haja ya kuwa nyingi ili kukunenepesha.

Lakini sikukuu ni siku moja tu, dada.

Ingekuwa siku moja nisingekuwa na neno. Ninachokiona ni wiki mbili: sahani kwa mama mkwe, sahani kwa shangazi, kaimati zilizolowa shira kila jioni, na soda badala ya maji. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko 8 vya chai vya sukari. Watu huhesabu nyama wakaisahau soda.

Je, sanamaki itanipunguza?

Hapana. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa 6 hadi 12 baada ya kuinywa, na kufikia hapo sehemu kubwa ya kalori za ile pilau imeshaingia mwilini. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani ikishuka kilo moja, ni maji, na ukishanywa maji inarudi pale pale.

Bibi yangu aliinywa, na ni majani tu.

Bibi aliinywa mara moja akiwa na choo kigumu. Wewe unainywa usiku tatu mfululizo, tena umeikoleza. Majani haya ni dawa kamili, hata tembe za choo kigumu hutengenezwa nayo, na dawa ina kipimo. Ukiendesha sana unapoteza potasiamu, chumvi inayosaidia moyo kupiga sawasawa. Kwa hiyo narudia: hapana, hata kidogo "kwa kusafisha" tu.

Na chai za kupunguza tumbo za pakiti?

Soma maandishi yake. Kwenye nyingi utakuta senna, na senna ndiyo sanamaki.

Nina presha, au sukari. Je, nikinywa mara moja?

Wewe ndiye usiiguse kabisa. Baadhi ya tembe za presha zinakukojoza maji na potasiamu tayari. Ukiongeza kuharisha, presha inaporomoka na figo zinaumia. Mwenye sukari anayechoma insulini, akaharisha na asile, sukari yake yaweza kushuka hadi azimie. Na tafadhali, msiache tembe ili "mle vizuri". Hilo nalo naliona kila mwaka na linanichosha.

Basi nifanye nini?

Nusu ya sahani iwe kachumbari na mboga, wali uwe robo, nyama robo. Usishinde na njaa ukingoja karamu, maana utakula mara mbili. Kunywa maji, au ukwaju usiotiwa sukari. Jioni nenda bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, lakini tembea dakika 30 kwanza kabla hujaketi kwenye mihogo na viazi karai. Usitafute kupungua kilo tano kwa wiki. Kutoongezeka msimu huu kunatosha, kisha Januari tupange pamoja.

Nimeshakunywa na ninaharisha. Nije lini?

Acha sanamaki sasa hivi na uanze maji ya ORS (yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), kidogo kidogo. Ukiona kizunguzungu unaposimama, moyo unakwenda mbio au unarukaruka, misuli imelegea, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au umechanganyikiwa, njoo leo. Usingoje sikukuu iishe, wala usingoje wageni waondoke. Mjamzito, mzee, na mwenye presha, sukari au figo asingoje hata dalili hizo. Na ukifika, tuambie umekunywa nini na mara ngapi. Wengi hunificha kwa haya, nami napoteza saa nzima nikitafuta malaria.