Je, wajua kwa nini wataalamu wa tiba ya familia huongea wao kwa wao mbele ya familia?

Fikiria baba, mama na kijana wao wameketi na wataalamu wawili. Katikati ya kikao mmoja anasema, "Mtaniwia radhi, naomba niongee kidogo na mwenzangu." Hawatoki nje. Wanageuza viti, wanatazamana, kisha wanaanza kuizungumzia familia ile ile bila kuitupia jicho.

"Mama alipotaja msiba, kijana aliinamisha kichwa. Huenda ni huzuni, huenda amechoka kuisikia habari hiyo."

"Mimi nilikuwa namwangalia baba. Nikajiuliza kama naye ana lake ambalo hajaulizwa."

Kwa mgeni, huku ni kusengenya watu wenyewe wakisikia! Lakini chanzo chake ni kukomesha usengenyaji. Zamani mtaalamu mmoja alikaa na familia, wenzake wakitazama kutoka chumba cha pili, nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja. Walimwita kando, wakampa maelekezo, akarudi nayo. Machi 1985, huko Tromsø, Norwe, maelekezo hayo yalipogonga mwamba, daktari wa akili Tom Andersen na wenzake waliiuliza familia kama ingependa kuwasikiliza wao. Taa zikazimwa upande wa familia, zikawashwa upande wa wataalamu, na sauti ikageuzwa vivyo hivyo. Mwaka mmoja kabla, hospitali ya magonjwa ya akili ya Keropudas mjini Tornio, Ufini, ilikuwa imeacha kupanga matibabu ya mgonjwa bila yeye kuwapo. Tiba iliyokulia hapo, Mazungumzo ya Wazi, hutaka wataalamu wasiopungua wawili.

Kwa nini wawili? Mtu akiulizwa swali, hutafuta jibu, na mara nyingi jibu la kujitetea. Akisikia anazungumziwa kwa upole, hadaiwi neno: atachukua lililomgusa, mengine atayaacha yapite. Ndiyo maana wawili hao husema "huenda" na "nilijiuliza", wala hawatoi hukumu.

Ila mimi naona faida kubwa zaidi ni kwamba wanaruhusiwa kutofautiana. Katika nyumba ambamo kila maoni huzaa ugomvi, kuona watu wazima wawili wakipishana bila kupandishiana sauti si jambo dogo.

Baada ya dakika chache wanaigeukia familia: "Mmesikia nini? Tumekosea wapi?" Kijana anaweza kujibu kwamba hakuinama kwa huzuni, alikuwa anaangalia simu. Basi kikao kinaendelea kutokea hapo kwenye simu.