Eti Baiskeli ya Umeme Haina Mazoezi: Dhana Potofu na Ukweli

Katika kazi yangu ya fiziotherapia hakuna maneno ninayoyasikia mara nyingi kama haya: "Nimeambiwa nisinunue baiskeli ya umeme, kwa sababu haina mazoezi." Huyasema mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, huyasema mama mwenye magoti yaliyosagika, na huyasema kijana mwenye kisukari aliyeagizwa na daktari wake aanze kuushughulisha mwili. Aghalabu aliyewaambia hivyo hajawahi kukipanda chombo anachokihukumu. Kwa kuwa nimechoka kulijibu dai hili kwa mtu mmoja mmoja, ninalijibu hapa kwa kirefu, pamoja na madai mengine machache ambayo hayahitaji maneno mengi.

Dhana: Baiskeli ya umeme inakwenda yenyewe, kwa hiyo mwili haupati chochote

Wanaosema hivi huwa wanaifikiria pikipiki. Baiskeli ninayoizungumzia ni ile ambayo mota yake husaidia pale tu mwendeshaji anaponyonga pedali, na akiacha kunyonga, mota nayo inanyamaza. Wazo lenyewe si la jana wala juzi. Hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme ilitolewa Marekani kwa Ogden Bolton mwaka 1895, na mwaka 1993 kampuni ya Yamaha iliingiza katika soko la Japani baiskeli ambayo mota yake huongeza nguvu kwa kufuata nguvu ya miguu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya aina hii inatambuliwa kuwa baiskeli ikiwa nguvu endelevu ya mota haizidi wati 250 na msaada unakatika mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Kuanzia hapo anayesukuma ni mwendeshaji peke yake, tena akiwa juu ya chombo ambacho kwa kawaida kina uzito wa kilo 20 hadi 27, ilhali baiskeli ya kawaida ya mjini ina kilo 12 hadi 18.

Sasa tufanye hesabu ambayo wenye dai hili hawaifanyi kamwe. Mtu mwenye uzito wa kilo 80, akiwa juu ya baiskeli ya kawaida ya kilo 15, anayepanda mwinuko wa asilimia 5 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, anahitaji kutoa takriban wati 150. Kwa kanuni inayotumika katika maabara za mazoezi, kazi hiyo kwa mtu wa uzito huo ni sawa na MET 8 hivi, yaani mara nane ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umekaa umetulia, na hayo ni mazoezi makali. Kwa mwanamichezo hakuna tatizo. Lakini kwa mgonjwa ambaye uwezo wake wote, pale anapofika mwisho kabisa wa pumzi, ni MET 8 au 9, mwinuko huo unamfikisha kwenye kikomo ndani ya dakika chache. Atashuka, ataisukuma baiskeli kwa mikono, na kesho yake ataiegemeza ukutani.

Mpe mtu huyo huyo baiskeli ya umeme, kwenye mwinuko ule ule na kwa mwendo ule ule. Kwa sababu chombo ni kizito zaidi, sasa zinahitajika wati 160 hivi. Mota ikitoa nusu, yeye anabakiwa na wati 80, na wati 80 kwa mwili wa kilo 80 ni kiasi cha MET 5. Mazoezi ya wastani, kwa vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ni yale ya kati ya MET 3 na 6. Kwa hiyo mgonjwa wetu hakukaa kama mzigo. Amefanya kwa usahihi kile alichoandikiwa, katika kiwango anachoweza kukidumisha kwa nusu saa au zaidi bila kuhema kama aliyefukuzwa. Mtu akiniambia kwamba hayo si mazoezi, basi aniambie pia kwamba kutembea kwa haraka si mazoezi, kwa maana kutembea huko mara nyingi hakufiki MET 5.

Wala hili si suala la hesabu za mezani tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder waliwachukua watu 20 wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, wakawapa baiskeli za umeme za kwendea kazini, kwa dakika 40 hivi, siku 3 kwa wiki, kwa muda wa mwezi mmoja. Mwishoni uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umepanda na udhibiti wa sukari mwilini umeimarika. Watafiti wa Basel nchini Uswisi walikwenda mbali zaidi: katika jaribio dogo la wiki 4, lililochapishwa mwaka 2018, waliwagawa watu wenye uzito uliozidi katika makundi mawili, moja likitumia baiskeli za umeme na jingine za kawaida katika safari za kwenda na kurudi kazini, na makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa moyo na mapafu kwa viwango vinavyokaribiana. Majaribio haya ni madogo na ya muda mfupi, nami simwambii mtu yeyote ayachukulie kama hukumu ya mwisho. Hata hivyo yanatosha kabisa kulizika neno "haina mazoezi".

Kinachosahaulika zaidi katika ubishi huu ni muda. Mwili hauhesabu ukali wa dakika moja peke yake. Unahesabu pia dakika zilikuwa ngapi na zilirudiwa siku ngapi. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Utafiti uliofanywa katika miji saba ya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watumiaji wa baiskeli za umeme hawakuwa nyuma ya wenzao wa baiskeli za kawaida katika jumla ya mazoezi ya wiki nzima, na sababu mojawapo ni kwamba walisafiri umbali mrefu zaidi. Mtu asiyeogopa mlima wala upepo wa usoni hutoka mara nyingi na huenda mbali. Anayeogopa hubaki nyumbani na baiskeli yake ya kawaida, akiwa na mazoezi sifuri na heshima tele.

Yapo yaliyo ya kweli katika dai hili, nami sitayaficha. Katika njia ile ile na kwa mwendo ule ule, baiskeli ya kawaida inauchosha mwili zaidi, na mtu mwenye afya anayetaka kujenga stamina ya mashindano anafaa kuitumia hiyo. Baiskeli zenye kishikio cha kuongeza kasi kama cha pikipiki, ambazo huenda bila pedali kuguswa, haziwezi kuitwa mazoezi pale zinapotumiwa kwa njia hiyo. Tena kuna tofauti ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Baadhi ya baiskeli zina kitambuzi kinachotazama tu kama pedali zinazunguka; hizo hutoa msaada hata miguu ikizunguka bila kukaza, na mvivu atapata uvivu wake. Nyingine zina kitambuzi kinachopima nguvu ya mguu juu ya pedali na kuongeza msaada kwa uwiano wa nguvu hiyo. Kwa mgonjwa ninayemhudumia mimi huchagua ya aina ya pili bila kusita.

Kiwango cha msaada nacho kina kanuni yake, nami nitaendelea kuirudia hata kama inawakera watu: chagua kiwango cha chini kabisa kinachokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini hakikuruhusu kuimba. Ukiweza kuimba, punguza msaada. Ukishindwa kumaliza sentensi, ongeza. Wanaotumia dawa zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo wasitegemee saa ya mkononi kuwaambia wamefanya kazi kiasi gani, kwa sababu dawa hizo huyazuia mapigo yasipande hata juhudi ikiwa kubwa. Pumzi haidanganyi kwa namna hiyo. Na aliyetoka katika upasuaji au mshtuko wa moyo asianze lolote kati ya haya kabla ya daktari wake kumruhusu.

Dhana: Goti likiuma, dawa ni kuweka msaada wa juu kabisa

Katika magoti mengi yanayoletwa kwangu kwa sababu ya baiskeli, mkosaji ni kiti. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi kila mzunguko na shinikizo nyuma ya kilegesambwa huongezeka. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukihamisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjwa kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35. Kosa la pili ni gia nzito. Mwenye baiskeli ya umeme huisahau gia kwa sababu mota inamsitiri, hivyo huanza mwendo na kupanda milima akinyonga polepole kwa nguvu nyingi, na goti ndilo linalolipia. Punguza gia, zungusha miguu mara 70 hadi 80 kwa dakika, ndipo uzungumzie mota. Kwa goti lililosagika msaada wa umeme ni wa manufaa kweli, kwa kuwa hupunguza nguvu inayohitajika wakati wa kuondoka na kwenye miinuko, lakini misuli ya paja isiyopewa kazi hudhoofika, na goti lenye misuli dhaifu huuma zaidi. Msaada wa juu kabisa siku zote ni njia ya kulirudisha tatizo pale lilipoanzia.

Dhana: Kwa mzee ile ya umeme ni salama zaidi, maana haimchoshi

Uchovu si hatari pekee. Chombo cha kilo 25 kikianza kulala upande, mikono ya mtu wa miaka 75 haikizuii kwa urahisi, na wazee wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, si wakiwa katikati ya mwendo. Uholanzi, ambako sasa zaidi ya nusu ya baiskeli mpya zinazouzwa ni za umeme, jambo hili limewashughulisha watu wa usalama barabarani kwa miaka mingi. Ninamtaka mzee achukue fremu yenye sehemu ya kupitishia mguu iliyo chini, aondoke kwa kiwango cha kwanza cha msaada, na asiweke mguu kwenye pedali kabla vidole havijashika breki, kwa sababu baadhi ya mota hushtuka mara tu pedali inapoguswa. Kofia ngumu sihitaji kuijadili.

Dhana: Baiskeli, hasa ya kawaida, inaimarisha mifupa

Hapana, si ya kawaida wala ya umeme. Uzito wa mwili umebebwa na kiti, na mfupa hauimariki usipobebeshwa mzigo. Mwenye mifupa iliyopungua uimara aongeze kutembea, kupanda ngazi na mazoezi ya kunyanyua uzito, hata kama anaendesha baiskeli kila siku.

Kuhusu betri, kwa kifupi

Huulizwa haya pia, ingawa mimi si fundi. Kunyonga pedali hakuijazi betri katika baiskeli nyingi, na zile chache zinazorudisha umeme wakati wa kufunga breki au kuteremka hurudisha sehemu ndogo tu ya ulichotumia. Hata hesabu inakataa: betri ya kawaida hubeba wati-saa 400 hadi 500, na mtu anayetoa wati 100 mfululizo angehitaji saa 4 hadi 5 za jasho kuijaza, hata kama hakuna umeme unaopotea njiani, ambao daima upo. Betri za lithiamu hazihitaji kuishiwa kabisa ndipo zichajiwe; zinaharibika upesi zaidi zikifanyiwa hivyo, na zikikaa muda mrefu bila kutumika ziachwe zikiwa na kiasi cha nusu. Mvua ya kawaida haiziui baiskeli hizi. Maji ya kuoshea yenye shinikizo kubwa ndiyo yanayopenya.

Betri ikiisha njiani, pedali bado zinafanya kazi. Utaona uzito wa chombo, hasa kwenye mwinuko, lakini utafika. Linalonitia wasiwasi zaidi ni chaja za kubahatisha. Tumia ile iliyotengenezewa betri hiyo, usiiache ikichaji usiku kucha mlangoni pa kutokea, na betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyoanguka kwa kishindo isichajiwe tena hadi fundi anayezijua aikague.