Mshale mnene au mwembamba? Dhana potofu kuhusu mishale ya shabaha

Dhana: Mshale mnene hukupa pointi zaidi, umbali wowote.

Dhana hii haifi kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwa kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, mshale ukigusa tu mstari unahesabiwa pointi ya duara la ndani. Ukumbini, mita 18, duara la 10 la upinde wa rikavu (upinde wenye ncha zilizojikunja mbele, unaotumika Olimpiki) lina kipenyo cha sentimita 4. Uti (mwili wa mshale) wa milimita 9.3, unene wa juu unaoruhusiwa, hufikia mstari ule mapema kwa karibu milimita 2 kuliko uti wa milimita 5.5. Kwenye duara dogo namna hiyo, milimita 2 ni mali.

Sasa toka nje, mita 70. Duara la 10 limekuwa la sentimita 12.2, mshale unakaa hewani zaidi ya sekunde moja, na upepo unavuma. Uti mnene unaupa upepo ubavu mpana wa kusukuma, na unapeperushwa kwa sentimita, si milimita. Ndiyo maana X10 ya kampuni ya Easton, uti mwembamba uliotuna kidogo katikati, umekuwa ukionekana Olimpiki tangu Atlanta 1996. Anayeshindana ndani na nje ana sababu nzuri ya kuwa na seti mbili. Kama unamudu moja tu, mimi nasema chukua nyembamba: ukumbini utapoteza pointi chache za mstarini, lakini nje hutapigana na upepo kila raundi.

Dhana: Masafa marefu yanataka mshale mwepesi kuliko yote.

Mwepesi hutoka kwa kasi, sawa. Lakini kasi hiyo huisha upesi na upepo huuonea. Umbali wa shabaha unajulikana na kilengeo (kifaa cha kulengea kwenye upinde) kimeshapangwa, kwa hiyo kasi ya ziada inakusaidia hasa pale upinde wako ni dhaifu na kilengeo hakifiki mita 70. Ncha ya greni (kipimo kidogo cha uzito) 100 hadi 120 hutulia zaidi hewani. Tena wepesi uliopitiliza ni hatari kwa upinde wenyewe: chini ya greni 5 kwa kila pauni ya nguvu ya upinde usishuke kabisa. Kwa upinde wa pauni 40, huo ni mshale mzima wa greni 200, gramu 13 hivi.

Dhana: Ukishasoma spaini (kipimo cha ugumu wa uti) kwenye jedwali la mtengenezaji, kazi imekwisha.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Spaini 500 maana yake uti uliolazwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, ukaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, ulipinda inchi 0.500. Namba ikipanda, uti ni laini zaidi, wengi huigeuza. Na hicho ni kipimo cha mshale uliotulia. Ukiufyatua, urefu wa uti, uzito wa ncha na nguvu ya upinde vyote huongeza kupinda.

Pauni zilizoandikwa kwenye mikono ya upinde nazo zimepimwa upinde ukivutwa urefu wa inchi 28. Kila inchi unayopunguza au kuzidisha hubadilisha takriban pauni 2, hivyo pima kwa mizani pauni unazovuta wewe kabla ya kufungua jedwali.

Kisha jaribu. Mita 18, piga mishale kadhaa yenye manyoya, halafu miwili mitatu isiyo nayo. Kwa anayevuta ugwe (kamba ya upinde) kwa mkono wa kulia, ile isiyo na manyoya ikitua kushoto mwa mingine, uti ni mgumu mno: ongeza uzito wa ncha. Ikitua kulia, ni laini mno: punguza ncha au kata uti, robo inchi kwa robo inchi, maana kilichokatwa hakirudi. Usiamue kwa mshale mmoja, huenda ni mkono wako uliyumba.

Dhana: Mshale mzuri haupindi ukiruka.

Hupinda wote. Unapofyatuliwa kwa vidole, uti hujikunja na kuukwepa mwili wa upinde.

Dhana: Manyoya makubwa hunyoosha mshale popote.

Ukumbini yanafaa sana, kwa kuwa njia ni fupi na mshale unatakiwa utulie mapema. Mbali, yanakula kasi na kukamata upepo.

Dhana: Uti wa kaboni usio na alama ni mzima.

Ufa wa kaboni unaweza usionekane kwa macho. Kila mshale uliogonga kitu kigumu au mshale mwenzake, ushike miisho yote miwili, uupinde taratibu huku ukiuzungusha. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje hapo hapo ili mtu mwingine asije akauweka ugweni.