Kuunganisha seva za kampuni: dhana potofu zinazoangusha maombi ya bajeti

Maombi mengi ya kuunganisha seva, yaani kuhamishia kazi za seva nyingi kwenye chache zenye nguvu, hukwama kwa sababu yameandikwa kama ombi la kununua mashine mpya. Mkurugenzi wa fedha anaona bei ya seva mbili kubwa, anauliza: hizi za zamani zina ubaya gani, mbona zinafanya kazi? Ni swali la haki. Jibu lake limo kwenye gharama ambazo kampuni inazilipa tayari kila mwezi, ila hakuna aliyewahi kuziweka kwenye ukurasa mmoja.

Dhana: seva isiyo na kazi haina gharama

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Kwa miaka mingi mtindo umekuwa programu moja, seva moja: ya mishahara peke yake, ya mafaili peke yake, ya uhasibu peke yake. Seva ya mishahara inahangaika siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, siku zilizobaki inapuliza feni tu. Mwaka 2007 wahandisi wawili wa Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, walionyesha kwamba seva hukaa muda mwingi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba hata ile iliyoundwa kutumia umeme vizuri hula karibu nusu ya kiwango chake cha juu ikiwa haifanyi kitu.

Tuchukue mfano wa seva 12, kila moja ikila wati 250. Hizo ni kilowati 3, na kiyoyozi cha kuondoa joto lake tukikipa kilowati 1, jumla ni 4. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ni uniti 35,040. Seva mbili mpya za wati 450 kila moja, pamoja na kiyoyozi chake, zinafika kama kilowati 1.2, yaani uniti 10,512. Tofauti ni uniti 24,528 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayolipa wewe, kisha ongeza dizeli ya jenereta na betri za UPS, maana mzigo wote huo hubebwa umeme ukikatika. Ila usiandike wati za kukisia, wala zile zilizobandikwa nyuma ya mashine. Chomeka kipima umeme, kisha soma matumizi ya prosesa, kumbukumbu (RAM) na diski kwa mwezi mzima, kufunga hesabu kukiwemo.

Hata hivyo, umeme peke yake mara nyingi haurudishi mtaji haraka. Namba yenye nguvu zaidi ni seva ambazo hutazinunua. Kama saba kati ya hizo 12 zinamaliza waranti ndani ya miaka miwili, kampuni itatoa fedha kwa vyovyote vile. Ombi lako linapaswa kulinganisha njia mbili za kutumia fedha hizo.

Dhana: mashine moja ikifa, kila kitu kimekufa

Ni kweli ukinunua moja. Ndiyo maana zinanunuliwa mbili au tatu, na kila kitu kinapimwa kwa sharti kwamba moja ikizimika, zilizobaki zinabeba kazi yote. Kwa seva mbili, maana yake mashine pepe zote (seva za kiprogramu, nyingi ndani ya seva moja halisi) kwa pamoja zienee kwenye kumbukumbu ya seva moja. Kinachoisha kwanza huwa ni kumbukumbu, si prosesa, na anayebana bajeti hapo anajenga hatari ileile iliyoogopwa. Diski za pamoja nazo zisiwe kiungo kisicho na mbadala. Na bakapu ikae nje ya mfumo huo kabisa.

Dhana: leseni zitapungua zenyewe

Hapa watu wazuri wameaibika mbele ya bodi. Windows Server toleo la Standard hulipiwa kwa kila kiini cha prosesa, angalau viini 16 kwa seva, na malipo hayo yanaruhusu mashine pepe mbili tu. Ukitaka mbili zaidi, unalipia viini vyote upya. Toleo la Datacenter halina kikomo cha idadi, lakini bei yake ni ya juu. Oracle, wauzaji wa hifadhidata, nao kwa sera yao hawakubali VMware, programu ya kuendesha mashine pepe, kama njia ya kupunguza idadi ya viini vinavyolipiwa, kwa hiyo hifadhidata ndogo inaweza kuleta ankara ya seva nzima. VMware yenyewe ilinunuliwa na Broadcom mwishoni mwa 2023 na leseni za kudumu zikaacha kuuzwa. Andiko lenye bei za kabla ya hapo lirudiwe, na programu mbadala kama Hyper-V au Proxmox zipigiwe hesabu pia.

Dhana: mafundi watapungua

Usiahidi hili. Seva 12 zikigeuka mashine pepe 12, bado kuna mifumo endeshi 12 ya kusasishwa. Kinachopungua ni kuhangaika na vifaa: diski zilizokufa, vipuri, kebo. Vilevile programu iliyozeeka haiponi kwa kuhamishwa. Windows Server 2003 iliacha kupata masasisho ya usalama Julai 2015, na ndani ya mashine pepe bado haiyapati.

Dhana: teknolojia hii bado changa

IBM waliuza VM/370, mfumo wa kuendesha mashine pepe, mwaka 1972.