Pop ya Uingereza ya miaka ya 1960: dramu kushoto, sauti kulia?

Msanii wa solo akitoa albamu ya kwanza yenye ladha ya pop ya Uingereza ya miaka ya 1960, wengi huamini kwamba dramu zikisikika sikio la kushoto na mwimbaji kulia, hapo ndipo penye uasilia.

Imani hiyo ina chanzo. Mashine nyingi za studio zilikuwa na njia 2 au 4 tu za kurekodia sauti kwenye utepe. Ala kadhaa zilibanwa njia moja, na katika stereo (sauti iliyogawanywa kushoto na kulia) njia hiyo mara nyingi ilisukumwa upande mmoja. Lakini kwa sehemu kubwa ya muongo ule vijana walisikiliza mono, yaani sauti zote zikiwa zimeunganishwa kuwa moja: redio, santuri ndogo za mizunguko 45, gramafoni ya spika moja. Mono ndiyo iliyohangaikiwa studio. Stereo mara nyingi ilichanganywa harakaharaka. Kufikia 1969 mambo yalikuwa yamegeuka, stereo ikitangulizwa.

Jaribu mwenyewe. Tafuta albamu ya wakati huo iliyotolewa kwa mono na kwa stereo, kisha toa hedifoni sikio moja. Kwenye stereo mwimbaji anaweza kutoweka kabisa. Kwenye mono hakipotei kitu, na besi na dramu husikika zikisukumana pamoja, kwa nguvu ambayo binafsi naipenda zaidi.