Mkataba Ukiisha, Mkono Usilale

Cheti cha fundi wa kuchomelea mabomba kina sharti ambalo wengi hulisoma wakiwa wamechelewa. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi cha Marekani, na za ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kuwatahini wachomeleaji, ikipita miezi 6 bila ushahidi kwamba umechomelea kwa njia uliyotahiniwa, ruhusa inakatika hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa bado iko mbali.

Nawaandikia hasa wazawa wa Hoima, Kikuube na Buliisa, magharibi mwa Uganda, walioajiriwa kwenye ujenzi wa miradi ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher na bomba la mafuta ghafi la EACOP, lile la kilomita 1,443 kwenda Tanga. Ujenzi una mwisho. Bomba likishafukiwa, wanaobaki ni walinzi na watu wachache wa pampu. Fundi anarudi kwenye mihogo yake, au ziwani, au anapanda bodaboda. Si aibu, watoto lazima wale.

Kinachopotea kwanza si mkono, ni mazoea. Anayebahatika kupata kazi katika karakana ya mageti mjini huchomelea kwa vijiti vya aina ya 6013, ambavyo havina makuu. Kwenye bomba na vyuma vizito anaweza kupewa vijiti vya 7018. Hivyo vikinyonya unyevu, haidrojeni inaingia kwenye kiungo na ufa unatokea baadaye, kazi ikiwa imeshapakwa rangi. Baada ya mwaka mmoja wa mageti, mtu husahau kabisa kuweka vijiti kwenye tanuri.

Kwa hiyo mwombe mwenye karakana mabaki ya chuma kinene. Chomelea mkao wa juu ya kichwa, ule unaochukiwa na kila mtu, kisha kata kiungo, kipinde, utazame kama kimepasuka. Andika daftarini tarehe, unene, mkao na aina ya kijiti, naye atie saini. Kampuni kubwa huenda ikaikataa saini hiyo na kukutahini upya, lakini utaingia kwenye mtihani mkono ukiwa moto.

Waashi na maseremala waliojifunzia kazini wana njia nyingine: Worker's PAS, kijitabu kinachoorodhesha kazi unazoziweza moja baada ya nyingine, bila kudai cheti cha shule. Kilianzishwa na DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Sasa utahini umehamia UVTAB, baraza la mitihani ya ufundi lililoundwa kwa Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2025. Muda wa kukitafuta ni huu wa kukaa bila kazi.

Sisi wa vyuo vya ufundi tuna deni letu. Likizo zikifika tunafunga karakana, na mashine zinalala huku mafundi wakizihitaji.

Na kabla hujarudisha kofia ya kazi, dai barua. Ile ya “alifanya kazi vizuri” haimwambii mtahini chochote. Iandikwe ulichomelea kwa njia gani, chuma cha unene gani, mkao upi, na siku ya mwisho uliposhika kijiti.