Je, mshahara humalizwa na kodi na karo tu?

Wengi Nairobi huamini kwamba mshahara humalizwa na kodi ya nyumba na karo, na kwamba shilingi mia haiwezi kumwangusha mtu. Kodi ni mzigo kweli, hasa kipato kikiwa kidogo. Lakini shilingi 150 za boda, soda na bando kila siku ni 4,500 kwa siku 30, kabla ya ada za kutuma pesa.

Omba taarifa ya mwezi mzima ya pesa za simu, uzungushie kalamu kila malipo usiyoyakumbuka. Tazama saa pia, maana hapo ndipo udhaifu hujitokeza: wengine hulegea jioni wakisubiri matatu, wengine siku ya mshahara yenyewe. Ukishaijua saa yako, tenga kodi mapema na matumizi ya jioni uyabebe taslimu.